Namna ya Kumchunguza na Kumfuatilia Mzee Mwenye Dalili za Ateritisi ya Seli Kubwa

Mzee mmoja wa Wete aliletwa kliniki ya macho na binti yake kwa jambo ambalo watu wa nyumbani hawakuliona kuwa ni maradhi: kwa wiki tatu alikuwa akenda msikitini kichwa wazi. Kofia yake ya kiua, aliyoshonewa kwa kipimo chake na aliyoivaa miaka, ilikuwa ikimuumiza pembeni mwa kichwa mpaka machozi yanamlengalenga, naye akaona bora aseme kuwa joto limezidi kuliko kujieleza. Aliponiruhusu nipitishe vidole kwenye panja lake la kulia, nilikuta mshipa umesimama kama kamba nyembamba yenye mafundo, ilhali wa kushoto ulikuwa laini kama kawaida. Miaka michache baadaye tulimpokea bi mkubwa wa upande wa Mkoani ambaye hakuwahi kuumwa na kichwa hata siku moja. Yeye alikuja na homa za jioni zisizokwisha, nguo zinazompwaya, na mkono wa kushoto uliokuwa ukichoka kila akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Wote wawili walikuwa na maradhi ya aina moja.

Maradhi hayo ni ateritisi ya seli kubwa, nayo ni uvimbe wa kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini. Kinga ya mwili huzigeukia kuta hizo, zikavimba kwa ndani, na njia ya damu ikawa nyembamba au ikaziba kabisa. Jina limetokana na seli kubwa zenye viini vingi ambazo mara nyingi huonekana kwa hadubini pale kipande cha mshipa kinapochunguzwa. Tofauti baina ya wagonjwa huanzia hapo, kwa sababu ateri ni kama bomba la maji lenye matawi, na nyumba ipi itakosa maji hutegemea tawi lililoziba. Ukivimba mshipa wa panja, ngozi ya kichwa huuma. Ikivimba ile inayolisha misuli ya taya, kutafuna huwa kazi. Ikiguswa mishipa midogo inayolisha neva ya jicho, mtu huweza kuamka haoni. Na yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya kifua na mabega, kichwa huweza kusalimika kabisa huku mikono ikikosa damu ya kutosha. Mgonjwa mmoja hupata moja katika hayo, mwengine mawili, na wachache hupata yote.

Nilifanya kazi ya uuguzi wa macho Unguja na Pemba kwa miaka mingi, na wagonjwa waliothibitishwa kuwa na maradhi haya niliowaona kwa macho yangu nawahesabu kwa vidole. Nalisema hili mapema ili asiyekuwa nayo asitiwe hofu: wazee wengi wanaoumwa na kichwa wana presha, kipandauso, meno au macho yanayotaka miwani. Maradhi haya yameandikwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, na kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa hayawahusu watu weusi, lakini uchunguzi uliofanywa Baltimore, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2019 haukuona tofauti ya maana baina ya weusi na weupe katika wagonjwa waliothibitishwa kwa biopsi, yaani kwa kukatwa kipande cha mshipa na kukichunguza. Uchache wake kwetu si sababu ya kumwambia mzee kuwa hayamhusu.

Anza na umri

Maradhi haya hayawapati vijana. Mgonjwa huwa amevuka miaka 50, na wengi huwa baina ya 70 na 80. Wanawake hupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuujua umri wa kweli, na kwa wazee wetu wengi tarehe iliyoandikwa kwenye kitambulisho ni ya kukadiria. Muulize alikuwa wapi siku ya Mapinduzi ya Januari 1964. Akikujibu kuwa alikuwa keshaanza skuli, basi anakaribia 70 au ameshapita. Aliyekuwa keshazaliwa wakati wa Vita vya Ng'ombe vya 1951 amevuka 70 bila shaka. Kadirio hilo liandike kwenye daftari litakalotumika mpaka mwisho wa matibabu, maana daktari ataliuliza, na kichwa kinachoanza kuuma kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 hupimwa kwa mizani tofauti na kile kilichokuwa kikiuma tangu ujanani.

Muulize kwa mambo ya siku yake, si kwa majina ya maradhi

Ukimuuliza mzee wa Kizanzibari kama kichwa kinamuuma atakujibu "Alhamdulillah," na hapo mazungumzo yameshafungwa. Njia iliyonisaidia ni kuifuata siku yake tangu Alfajiri, na kuuliza kila tendo kama ni jepesi kama lilivyokuwa mwezi mmoja uliopita.

Kwanza ni mto. Je, bado analalia ubavu wote, au kuna upande anaoukwepa kwa sababu kichwa kinauma kikigusa mto? Kisha ni udhu: mkono wenye maji unapopita kichwani, ngozi inauma? Kwa mama na bibi, swali hilo hilo liulizwe kuhusu kitana, na kuhusu siku anayosukwa, kwa kuwa aliyezoea kukaa baina ya magoti ya mjukuu wake akasukwa nusu saa huanza kuomba aachiwe nywele zake wazi. Kwa wanaume swali ni kofia. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson alipoeleza mgonjwa wa maradhi haya mwaka 1890, lalamiko lilikuwa ni hilo hilo: mzee hawezi kuvaa kofia kwa sababu ya mishipa ya panja iliyovimba. Zamani zaidi, Ali bin Isa wa Baghdad, tabibu wa macho wa karne ya 10 na 11, aliandika juu ya kukata mishipa ya panja kwa wenye kuumwa na kichwa pamoja na macho, na wasomaji wa leo wameona humo alama za maradhi haya.

Baada ya udhu, itazame sala yenyewe. Karibu nusu ya wagonjwa huwa na maradhi pacha yaitwayo polimialjia, ambayo hukaza mabega, shingo na nyonga asubuhi kwa muda unaozidi nusu saa au saa nzima. Mzee aliyekuwa akiinua mikono mpaka masikioni wakati wa takbiri sasa anaishia kifuani. Kutoka sijda anajisukuma kwa ngumi, au ameanza kusali kwenye kiti. Ikifika Adhuhuri amelainika, na watu wa nyumbani husema ni uzee. Uzee haukazi mabega yote mawili ndani ya wiki mbili. Hapa pia kuna tofauti ya kuzingatia: wapo wenye polimialjia ambao hawapati kabisa uvimbe wa mishipa, na wapo walioanza na mabega, wakatulia, kisha kichwa kikafuata baada ya miezi. Kwa hiyo anayetibiwa mabega asiachwe kuulizwa habari za kichwa, taya na macho.

Kisha chakula, na hapa ningependa msomaji asiharakishe, kwa kuwa dalili ya taya ndiyo inayowakosesha watu njia kuliko zote. Maumivu ya jino hutokea pale pale unapouma kitu. Maumivu ya maradhi haya hayatokei kwenye tonge la kwanza; huja baada ya kutafuna dakika moja au mbili, misuli ya taya ikawa mizito na kuuma, na mzee akipumzika kidogo hupoa, akianza tena hurudi. Mpe mkate wa mofa na pweza na umtazame bila ya kumjulisha. Atatafuna, atasita, atashika shavu, atakunywa maji, ataanza tena, na mwisho atakisogeza kisahani na kusema ameshiba, ilhali uji anaumaliza. Bibi mmoja aliacha tambuu aliyoila kwa miaka hamsini, na wanawe wakafurahi wakidhani nasiha zao zimemwingia. Alipoulizwa vizuri akasema kuwa taya linachoka kabla tambuu haijalainika. Wengine huchoka ulimi badala ya taya. Wengi hawapati dalili hii kabisa, lakini anayeipata, pamoja na kichwa kipya, ni mtu wa kupelekwa hospitali bila ya kungoja.

Tazama na uguse

Mshipa wa panja unaanzia mbele ya sikio na kupanda juu kuelekea kwenye nywele. Weka vidole viwili, bila ya kukandamiza, upande mmoja kisha wa pili, na ulinganishe: umekuwa mnene, una mafundo, unauma ukiguswa, au mapigo yake hayapo? Ukikuta hivyo umepata jambo kubwa. Usipokuta, hukupata jambo lolote, kwa kuwa kwa wagonjwa wengi mshipa huo huonekana mzima. Na panja lenye maumivu mapya lisipigwe chuku wala kuchanjwa kabla halijaonwa na daktari. Sina ugomvi na hijama mahali pake, lakini kulichana panja juu ya ateri iliyovimba ni kutafuta jeraha na kupoteza siku ambazo jicho halina.

Omba pia presha ipimwe mikono yote miwili. Watu huona ni usumbufu, na mara nyingi hupimwa mmoja tu. Yule bi mkubwa wa Mkoani mkono wa kulia ulisoma juu, wa kushoto ukasoma chini sana, na mapigo ya kifundo cha mkono wa kushoto yalikuwa hafifu mno. Tofauti inayozidi 15 au 20 baina ya mikono miwili lazima itafutiwe sababu. Wagonjwa wa namna yake, ambao maradhi yamekaa kwenye aota, yaani ateri kuu inayotoka moyoni, na matawi yake makubwa, mara nyingi huwa na umri mdogo kidogo kuliko wale wa kichwa, na huchelewa kujulikana, kwa kuwa homa, kupungua mwili na upungufu wa damu hufanana na mengi. Yeye alitibiwa malaria mara tatu na kupimwa kifua kikuu. Kumpima kifua kikuu kulikuwa sawa kabisa. Kosa lilikuwa ni kuishia hapo baada ya vipimo kurudi safi.

Jicho halingoji

Zoezi ni hili: mkalishe mzee mbele ya kalenda iliyotundikwa ukutani, avae miwani yake, afumbe jicho moja asome namba za mwezi, kisha abadilishe. Lifanye kila siku kwa aliye na dalili yoyote kati ya zilizotajwa. Mtu anaweza kupoteza jicho moja na asijue mpaka lile zima lifunikwe. Muulize pia kama imewahi kumtokea giza la ghafla likashuka kama pazia kwenye jicho moja kisha likaondoka baada ya dakika chache, au kama ameona vitu viwili viwili. Giza linaloondoka hufurahisha watu wa nyumbani, na mimi huniogopesha kuliko maumivu, kwa kuwa ni ishara kuwa damu imeanza kukatika.

Katika taarifa nyingi, wanaopoteza uoni wa kudumu hufikia takriban mmoja kati ya watano au sita, na baadhi yao hawakuwa na dalili nyengine kabla. Uoni uliopotea kwa njia hii ni nadra kurudi. Jicho la pili, likiachwa bila ya dawa, huweza kufuata ndani ya siku au wiki chache. Mzee wa Wete niliyeanza naye alikuwa ameandikiwa vidonge vya maumivu mahali fulani, akaambiwa presha imempanda. Jicho lake la kulia lilizimika siku mbili kabla hatujamwona, na kazi yetu ikabaki kulilinda la kushoto.

Kwa sababu hiyo, mzee aliyeko Pemba ambaye jicho limebadilika asingojee boti ya Unguja. Apelekwe siku hiyo hiyo hospitali iliyo karibu naye, iwe Abdulla Mzee kule Mkoani, Chake Chake au Wete, na msindikizaji aseme maneno haya waziwazi: umri wake, dalili zake na siku zilipoanza, na kwamba mnahofia ateritisi ya seli kubwa. Dawa ya kwanza ni prednisoloni, ambayo ni ya kawaida na si ghali, na daktari mwenye shaka ya kutosha huianza kabla ya majibu ya vipimo. Safari ya kwenda Mnazi Mmoja au Muhimbili itafuata.

Vipimo na mipaka yake

Damu hupimwa ESR na CRP, ambavyo huonyesha kuwa kuna uvimbe mwilini bila ya kusema uko wapi. Kwa wagonjwa wengi namba hupanda sana. Kwa wachache hubaki za kawaida, na hao ndio wanaorudishwa nyumbani kwa makosa. Kinyume chake, ESR hupandishwa pia na maambukizi, upungufu wa damu na umri wenyewe. Biopsi ya mshipa wa panja hutoa ushahidi mzito ikionyesha maradhi, lakini uvimbe hukaa kwa kurukaruka, sehemu nzima ikifuatiwa na iliyoharibika, kwa hiyo daktari hukata kipande kirefu kinachofikia sentimita 1 au zaidi, na hata hivyo jibu safi halifungi mlango. Ultrasaundi ya mshipa, kwa mkono wa aliyejifunza, huonyesha duara jeusi kuuzunguka. Duara hilo huanza kufifia ndani ya siku chache za dawa, na ndiyo maana vipimo huharakishwa ingawa dawa haingojewi.

Dawa ni moja, dozi si moja

Usimpe mzee wako dozi ya mzee wa jirani. Wengi huanza na prednisoloni miligramu 40 hadi 60 kwa siku. Ambaye jicho lake liko hatarini mara nyingi huanza hospitali kwa dripu ya methilprednisoloni, miligramu 500 hadi 1000 kwa siku, siku tatu. Maumivu ya kichwa hupungua ndani ya siku chache, mara nyengine kwa siku moja tu, kiasi kwamba asiyepata nafuu yoyote kwa wiki hurudishwa kwa daktari ili atazamwe upya kama maradhi ni haya kweli. Baada ya hapo dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja hadi miwili, na wapo wanaohitaji zaidi. Kuacha ghafla ni hatari, kwa kuwa mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake ya kufanana na dawa hiyo, na mtu huweza kuanguka kwa udhaifu, kutapika na presha kushuka. Wanaoshindwa kupunguza, au ambao prednisoloni inawadhuru, daktari bingwa huweza kuwaongezea methotreksati, au tosilizumabu, sindano iliyoidhinishwa kwa maradhi haya mwaka 2017. Mwenye kuchomwa sindano hiyo ajue kuwa CRP yake itashuka hata kama maradhi yamerudi, kwa hiyo dalili zake ndizo za kusikilizwa.

Prednisoloni nayo ina madhara yake, na hayo pia hutofautiana baina ya mtu na mtu. Sukari ipimwe mwanzo na kila mara, presha vivyo hivyo; mifupa ihifadhiwe kwa kalsiamu na vitamini D kama daktari atakavyoandika; macho yaangaliwe kwa mtoto wa jicho na presha ya jicho. Kwa watu wetu naongeza mambo mawili. La kwanza ni kifua kikuu kilicholala, ambacho huweza kuamka. La pili ni minyoo ya strongiloidesi, inayoingia kwa ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye unyevu na kukaa mwilini miaka mingi bila ya kujulikana. Dozi kubwa ya prednisoloni huiachia ikazaliana na kusambaa mpaka kuhatarisha maisha. Mzee aliyelima mpunga mabondeni miguu mitupu maisha yake yote aseme hivyo kwa daktari, ili apimwe au apewe dawa ya minyoo mapema.

Vidonge humezwa asubuhi baada ya kula. Ikikaribia Ramadhani, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada: kwa mwenye dozi ndogo iliyotulia, huenda akaihamishia kwenye daku, lakini aliye katika wiki za mwanzo, au ambaye sukari imepanda kwa ajili ya dawa, rukhsa ya mgonjwa ipo kwa ajili yake, na sheikh wake atamwambia hivyo hivyo.

Karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa na maradhi wakati dozi inapopunguzwa, na si lazima yarudi kwa sura ile ile. Bibi aliyeacha tambuu alirudiwa baada ya miezi minane, na safari hii taya lilikuwa zima, mabega ndiyo yaliyokaza, na mjukuu wake aliyekuwa akiandika daftari kila Ijumaa aliona kuwa wiki mbili mfululizo ameandika "hajaweza kujifunga kanga mwenyewe." Kwa hiyo katika kila ukurasa wa daftari andikeni dozi ya wiki, uzito, presha ya mikono yote miwili, jibu la zoezi la kalenda, na neno moja juu ya mto, kitana au kofia, chakula, mabega na homa, hata kama jibu ni "hakuna." Baada ya matibabu kwisha daftari lisitupwe. Aota iliyowahi kuvimba huweza kutanuka miaka baadaye bila ya maumivu, na daktari atakayeagiza picha ya kifua wakati huo atataka kujua ni mkono upi uliosoma chini, na tangu lini.